Zulia la jeraniamu chini ya miti yenye kiu: uchambuzi wa kisa kimoja

Bustani ninayoieleza hapa niliifuatilia kwa misimu mitano. Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe, ila vipimo, mimea na mfuatano wa matukio nimeviacha vilivyokuwa. Nakiandika kisa hiki kwa sababu tulipanda mara mbili mahali pale pale, chini ya kivuli kile kile. Mara ya kwanza tulishindwa vibaya, mara ya pili ardhi ikafunikwa. Katikati ya mara hizo mbili nilijifunza kutofautisha mmea unaoifunika ardhi na mmea unaoitanda tu kwa juu.

Usuli

Eneo lilikuwa la mita za mraba 40 hivi, upande wa nyumba usiopata jua, chini ya miti miwili mikubwa ya Acer platanoides. Anayeujua mti huo anajua shida yake. Majani yake mapana hujipanga kama vigae vya paa, na mizizi yake myembamba husukana karibu kabisa na uso wa ardhi. Nyasi zilikuwa zimepandwa hapo mara tatu na mara tatu zikafa. Mvua kubwa ikinyesha, udongo mtupu ulitiririka hadi kwenye njia ya kuingilia nyumbani, na mwenye bustani akawa anaufagia kila asubuhi.

Mwenyewe ni mama mstaafu ambaye magoti yake hayamruhusu kupiga magoti kwa zaidi ya dakika chache. Alitaka mambo matatu: udongo ukae mahali pake, magugu yapungue, na asihitaji mashine ya kukatia nyasi. Maua kwake yalikuwa nyongeza ya kupendeza, hayakuwa sharti. Nililisikia hilo siku ya kwanza, nikalisahau nilipoanza kuchagua mimea. Nitalirudia mbele.

Kwenye kona moja, kiasi cha mita nne za mraba, kulikuwa na gugu la Aegopodium podagraria. Hili husambaa kwa rizomu, yaani mashina yanayotambaa ardhini, nyeupe, nyembamba na zinazokatika kirahisi, na kila kipande kinachobaki ardhini huchipua upya.

Jina lililoleta hasara ya kwanza

Kabla hajanitafuta, mama huyu alikuwa amesoma mahali kwamba jeraniamu hufaa kivulini. Akaenda kitaluni, akaomba jeraniamu, akapewa jeraniamu. Zilikuwa na maua mekundu ya kung'aa na majani manene ya mviringo. Zilidhoofika kiangazi chote, na usiku wa kwanza wa barafu ukazimaliza zote.

Muuzaji hakumdanganya. Mimea inayouzwa kwenye vyungu kwa jina la jeraniamu kwa kawaida ni ya jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Pelargonium, ambayo asili yake kubwa ni kusini mwa Afrika na ambayo barafu huiua. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiweka pamoja na jeraniamu za kweli mwaka 1753. Mfaransa L'Héritier alipoitenga mwaka 1789, watu walikwisha kulizoea jina la kwanza, na hawajaliacha mpaka leo. Majina yenyewe yanatokana na majina ya Kiyunani ya ndege wawili, geranos na pelargos, kwa sababu tunda la mimea hii lina mdomo mrefu. Kwa Kiswahili ndege wote wawili tunawaita korongo, kwa hiyo lugha yetu nayo haitusaidii kuitenganisha mimea hii!

Njia rahisi ya kuitofautisha ni ua. Ua la jeraniamu ya kweli lina petali tano zinazolingana, kama gurudumu. La Pelargonium lina petali mbili za juu zisizofanana na tatu za chini. Jeraniamu ya kweli inayovumilia baridi hufa juu ya ardhi au hubaki na majani machache majira ya baridi, halafu huchipua tena kutoka chini. Hiyo ndiyo tuliyoihitaji.

Upandaji wa kwanza, na mahali nilipokosea

Nilifika mwishoni mwa majira ya baridi. Mama alikuwa ameona picha ya 'Rozanne', jeraniamu ya maua ya buluu yenye kitovu cheupe, na moyo wake ulikuwa umetua hapo. Nilimwelewa. Mmea huu, uliotokea katika bustani moja ya watu binafsi huko Somerset, Uingereza, na kuanza kuuzwa mwaka 2000, huchanua kuanzia mwanzo wa kiangazi hadi baridi iingie, na mwaka 2008 ulitangazwa Marekani kuwa mmea wa kudumu wa mwaka. Shina lake moja linaweza kutanda karibu mita moja. Nikapiga hesabu ya haraka: mche mmoja kila sentimita 75, miche 64, kazi imekwisha.

Udongo ulikuwa mgumu na umejaa mizizi, basi nikaelekeza ziletwe mita za ujazo tatu na nusu za udongo wenye mboji, tukautandaza kwa kina cha sentimita 10 hivi juu ya eneo lote isipokuwa kona ya magugu. Tulipanda majira ya machipuko, miti ilipoanza kutoa vichomozi. Palipendeza sana kwa wiki sita.

Majani ya miti yalipofunguka kabisa, 'Rozanne' zilianza kurefuka. Matawi yake yalinyooka kuelekea kwenye mwanga, membamba, yenye majani yaliyoachana na ua moja moja. Zilizokuwa ukingoni, mahali penye saa tatu au nne za jua la asubuhi, zilinawiri kama kwenye picha. Zilizokuwa ndani zilinyauka kila tulipokosa kumwagilia kwa siku mbili. Majira ya baridi matawi yote yalikauka, na ardhi ikawa tupu kama zamani, safari hii ikiwa na udongo laini wa mboji ambao mbegu za magugu huupenda kuliko kitu chochote.

Machipuko yaliyofuata tulihesabu. Miche 11 ya ukingoni ilikuwa hai yote. Kati ya 53 ya ndani, 19 tu ilichipua, na mingi kati ya hiyo ilikuwa dhaifu.

"Mwanangu," mama aliniambia, "mimi sikukuomba maua. Nilikuomba udongo ukae."

Alikuwa na haki kamili.

Tulichokigundua tulipochimba

Kabla ya kununua mche mwingine hata mmoja, niliomba tukae na tatizo lenyewe kwanza.

Tulianza na mvua. Tuliweka makopo mawili ya kupimia, moja mahali pa wazi na jingine katikati ya miti. Baada ya usiku mmoja wa mvua ya wastani, kopo la nje lilikuwa na milimita 14, la chini ya miti milimita 6. Nilichomeka kidole udongoni asubuhi ile ile: sentimita tatu chini palikuwa pakavu, vumbi tupu. Kiangazi kizima nilikuwa nikikilaumu kivuli kwa makosa ya ukame. Paa la majani lilizuia zaidi ya nusu ya maji, na kidogo kilichopenya kilinywewa na mizizi ya miti kabla jeraniamu haijaamka.

Kisha tulichimba mashimo matano madogo. Ule udongo tulioutandaza, sentimita zote 10, ulikuwa umesukwa kwa mizizi mipya myembamba kama nywele. Miti ilikuwa imepanda juu kuufuata. Ndani ya msimu mmoja tulikuwa tumeilisha miti badala ya jeraniamu.

La kutisha zaidi lilikuwa kwenye mashina. Tulimwita fundi wa miti, naye akatuonyesha mahali ambapo shina la mti hupanuka na kuwa mizizi. Sehemu ile inatakiwa iwe wazi, ipate hewa. Sisi tulikuwa tumeizika. Gome linalokaa kwenye unyevu muda mrefu huoza, na mizizi midogo ya juu, ile inayofanya kazi kubwa ya kunywa na kupumua, hukosa oksijeni udongo unaporundikwa juu yake. Mti mkubwa unaweza kuchukua miaka kuonyesha madhara, kwa hiyo mtu hauoni uhusiano. Hili ndilo kosa zito kuliko yote katika kisa hiki, na lilikuwa langu. Miche iliyokufa hununuliwa mingine. Mti wa miaka mingi haurudi.

Tuliuondoa ule udongo kwa mikono na ufagio, bila sepeto, tukaacha sentimita mbili tu, na kuzunguka kila shina tukaacha duara la nusu mita bila chochote.

Uamuzi wa pili na sababu zake

Niliugawa upya uwanja kwa kufuata ukavu wa udongo, sikufuata kivuli. Ukingo wenye jua la asubuhi, mita za mraba sita. Sehemu ya kati, mita 12, ambako matone ya paa la majani huangukia na udongo hubaki na unyevu kidogo. Kiini kikavu kati ya mashina, mita 18. Zikabaki zile nne za magugu.

Kiini ndicho kilichohitaji kufikiriwa zaidi. Nilichagua Geranium macrorrhizum. Jina lake maana yake ni "mwenye mzizi mkubwa", na ukiufukua utaona sababu: rizomu nene kama kidole cha mtoto, zinazotambaa juu juu ya ardhi, na kila ncha ina kishada cha majani. Asili yake ni milima ya kusini mwa Ulaya, kwenye mawe na vichaka, mahali ambapo udongo ni haba na kiangazi ni kikavu. Rizomu zile ni ghala. Mmea unaotunza akiba ndani ya shina lake unaweza kungoja mvua. 'Rozanne' haikuwa na ghala kama hilo.

Majani yake yana harufu kali. Wabulgaria huuita zdravets, kutokana na neno lao la afya, na hukeneka mafuta yake kwa ajili ya manukato. Harufu hiyo pia huwafanya sungura na kulungu waupite, na kwa kuwa sungura walikuwa wameonja karibu kila kitu katika bustani hii, hilo lilikuwa na uzito wake.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika namna ya kusambaa. 'Rozanne' hufunika kwa mikono: mmea mmoja husimama mahali pamoja na kunyoosha matawi kila upande, lakini matawi hayo hayatoi mizizi yanapoigusa ardhi. Baridi ikiikata mikono, ardhi inabaki wazi. Macrorrhizum hutembea kwa miguu. Kila rizomu inapofika hutia mizizi, na baadhi ya majani yake hubaki majira ya baridi yakiwa na wekundu. Udongo unashikwa kutoka ndani. Kwa mama aliyetaka udongo ukae, jibu lilikuwa hapo tangu siku ya kwanza.

Kwa sehemu ya kati tulichukua mimea miwili. Geranium phaeum, ya maua madogo ya zambarau iliyokolea, hupanda hadi goti na hupenda kivuli. Geranium nodosum ni fupi zaidi, ina majani ya kung'aa na hujipanda yenyewe kwa mbegu. Ukingoni tuliziacha 'Rozanne' 11 zilizokuwa na furaha, na kati yake tukatia 'Biokovo'. Hii ni chotara ya asili ya macrorrhizum na Geranium dalmaticum, iliyopatikana katika milima ya Biokovo huko Kroatia. Huishia sentimita 20 au 25 tu na husambaa kwa rizomu, ikaziba mapengo yanayobaki 'Rozanne' inapokauka. Zile 'Rozanne' 19 za ndani tulizing'oa, akapewa jirani mwenye bustani ya jua.

*Wingi wa miche.* Niliamua kupanda kwa ukaribu, miche tisa kwa mita ya mraba kwenye kiini, yaani karibu sentimita 33 kati ya mmoja na mwingine. Kwa mita 18 ni miche 162. Kununua kiasi hicho hakukuwezekana, wala hakukuhitajika. Tulinunua mimea mikubwa 24, tukaifukua kutoka vyunguni na kuivunja. Kila mmoja ulitoa vipande saba hivi vya rizomu, vyenye urefu wa sentimita nane hadi kumi, kila kipande kikiwa na kishada chake. Vingi havikuwa na mzizi hata mmoja. Hilo halisumbui: ukiondoa majani makubwa na kuzika rizomu mpaka kishada kiguse udongo, itatia mizizi yenyewe.

Vipande hivyo vilikuwa na faida nyingine ambayo sikuitarajia kuwa kubwa kiasi kile. Mche wa chungu unahitaji shimo la upana wa kiganja, na chini ya miti hii shimo la upana huo lingekata mizizi mingi. Kipande cha rizomu kinaingia kwenye ufa wa vidole viwili. Tulitumia mwiko mwembamba. Tukigonga mzizi mnene, tulisogea sentimita chache kando na kujaribu tena. Mistari haikunyooka. Baada ya mwaka hakuna anayeweza kujua.

*Wakati wa kupanda.* Tulingoja majira ya mapukutiko, miti ikiwa imeangusha nusu ya majani. Paa limefunguka, mvua inashuka, miti imepunguza kunywa, na udongo bado una joto la kutosha kwa mizizi kukua. Jeraniamu hupata miezi kadhaa ya kujishika kabla miti haijaamka na kudai maji yake.

*Maji.* Msimu wa kwanza wa ukuaji, kila wiki isiyo na mvua, lita 10 kwa kila mita ya mraba, mara moja na polepole, kwa mpira wenye vitundu uliolazwa juu ya ardhi. Mama alikuwa na mazoea ya kunyunyiza kidogo kila jioni. Maji ya namna hiyo hulowesha sentimita moja ya juu tu, na mizizi haina sababu ya kushuka. Msimu wa pili tulipunguza hadi mara moja kila wiki tatu, tena wakati wa ukame mkali tu. Msimu wa tatu hatukumwagilia.

*Matandazo.* Majani ya miti ile ile, yaliyosagwa na kulazwa mwaka mzima hadi yakaanza kuwa mboji, kwa unene wa sentimita tatu hadi tano kati ya miche. Majani mazima ya Acer yakilowa hushikamana kama kurasa za kitabu kilichodumbukia majini, yakaziba pumzi ya miche midogo. Mapukutiko mawili ya mwanzo tuliyaondoa kwa reki laini, tukayasaga, tukayarudisha.

Kona ya magugu

Hapa mimi na mama hatukukubaliana. Alikuwa amesikia kwamba macrorrhizum hukandamiza gugu lolote, akataka ipandwe mara moja juu ya Aegopodium. Mimi nilitaka tungoje mwaka mzima tukilichimbua. Tuligawana: mita mbili zilipandwa siku ile ile, mbili zikasubiri, zikichimbuliwa kwa uma kila wiki mbili na kila rizomu nyeupe kuokotwa kwa mkono.

Nusu iliyopandwa ilionekana nzuri hadi kati ya kiangazi. Kisha majani ya gugu yakatokeza katikati ya vishada. Hayakuzidiwa wala hayakuizidi jeraniamu. Vikaishi pamoja, rizomu ndani ya rizomu, na haikuwezekana tena kung'oa kimoja bila kingine. Mwaka wa pili tulilazimika kuifukua nusu hiyo yote, kuiosha mimea kwenye ndoo, kuokota vipande vyeupe kimoja kimoja, na kuanza upya. Nusu iliyosubiri ilipandwa mwaka mmoja baadaye na imekuwa safi, ukiacha machipukizi machache yaliyoonwa mapema. Tangu hapo huwa naeleza hivi: zulia zito huzuia mbegu za magugu kuota, kwa kuwa mbegu inahitaji mwanga na nafasi. Gugu lenye akiba chini ya ardhi halihitaji kimojawapo ili kuanza safari.

Matokeo

Kila mwaka, siku ile ile ya katikati ya kiangazi, mama alipiga picha kutoka dirisha la juu. Kwa kuweka miraba juu ya picha tulikadiria sehemu ya kiini iliyofunikwa: msimu wa kwanza kama mbili kwa tano, wa pili robo tatu, wa tatu karibu yote ukiondoa yale maduara kuzunguka mashina. Udongo uliacha kutiririka kwenye njia msimu wa pili, kabla hata zulia halijafunga. Nafikiri hiyo ilikuwa kazi ya matandazo na mizizi kwa pamoja. Palizi, iliyokuwa ikichukua saa mbili kila wiki katika mwaka wa kwanza, ikashuka hadi nusu saa kwa mwezi, na mama aliifanya akiwa amekaa kwenye kigoda.

Kati ya vipande 162 vilivyopandwa kiini, 13 havikushika. Vipande sita vilivyobaki tulivitunza vyunguni kama akiba, na huko ndiko tulikopata pigo ambalo sikulitazamia. Machipuko mama alikuta mimea minne kati ya hiyo sita imelegea ilhali udongo una maji. Alipoivuta ikamfuata mkononi bila mzizi. Ndani ya chungu kulikuwa na mabuu meupe yaliyojikunja, yenye kichwa cha kahawia na yasiyo na miguu: fukusi wa aina ya Otiorhynchus sulcatus. Mdudu mzima haruki. Hutembea usiku na kung'ata kingo za majani hadi zikawa na meno kama ya msumeno, nasi alama hizo tulikuwa tumeziona wakati wa mapukutiko bila kuzitilia maanani. Vyunguni mabuu hawana pa kwenda, hula mzizi hadi uishe. Tulimwagia minyoo midogo ya Steinernema kraussei, ambayo huwaua mabuu hata udongo ukiwa wa baridi kiasi, tukasitisha mpango wa kuweka akiba vyunguni. Sasa akiba inakaa ardhini.

Kulikuwa na hasara nyingine ndogo iliyomuumiza mama zaidi ya zote. Alikuwa na balbu za Galanthus, zile za maua meupe yanayotangulia machipuko, alizoachiwa na mama yake. Zilikuwa ndani ya kiini. Msimu wa tatu hazikuonekana. Majani ya macrorrhizum yanayobaki baridi nzima yalizifunika, na mmea mfupi kiasi kile hauwezi kupenya. Tulipapasa kwa mikono tukapata balbu kama thelathini, tukazihamishia kwenye sehemu ya Geranium phaeum, ambako ardhi huwa nyepesi wakati balbu zinahitaji mwanga. Zimechanua. Ningepaswa kuuliza kilicholala ardhini kabla ya kupanda.

Uchambuzi

Anayesoma matokeo haya anaweza kusema kwamba macrorrhizum ilishinda na 'Rozanne' ikashindwa. Nisingependa liishie hapo, kwa sababu tulibadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja: mmea, msimu, ukaribu wa miche, udongo, namna ya kumwagilia. Siwezi kuyatenganisha yote. Ninaloweza kufanya ni kuonyesha mahali ambapo bustani yenyewe ilitupa ulinganisho bila kukusudia.

La kwanza ni 'Rozanne' za ukingoni. Zilipandwa siku moja na zile za ndani, katika udongo ule ule, na hazikufa hata moja. Mmea haukuwa mbaya. Ulikuwa umewekwa mahali ambapo ukame na giza viliungana. Penye jua la nusu siku ningeupanda tena kesho.

La pili ni msimu. Miche 24 ya Geranium phaeum tuliyoagiza ilifika nusu nusu. Miche 12 ilipandwa mapukutiko, 12 ikachelewa hadi machipuko. Ile ya mapukutiko ilipoteza mmoja. Ile ya machipuko ilipoteza mitano, ingawa ilimwagiliwa mara nyingi zaidi. Idadi ni ndogo, lakini aina ya mmea na eneo ni vile vile, na sababu inaeleweka: mche uliopandwa machipuko ulikuwa na wiki tano tu kabla miti haijaanza kunywa.

Ukaribu wa miche nauona kuwa uamuzi uliolipa kuliko nilivyodhani. Mche mmoja kwa kila sentimita 60 ungefika huko huko, lakini baada ya mwaka mmoja au miwili zaidi, na kila mwezi wa ardhi tupu ni mwezi wa palizi kwa mtu mwenye magoti mabovu. Uwezo wa kuvunja rizomu ndio uliofanya ukaribu huo uwezekane. Kwa mimea isiyovunjika kirahisi namna hiyo ningefanya hesabu tofauti.

Katika yaliyoshindikana, lile la udongo wa kurundikwa lina nafasi yake peke yake. Linavutia kwa sababu linaonekana kama ukarimu: ardhi ni mbaya, nailetea nzuri. Chini ya miti mikubwa, anayepokea ukarimu huo ni mti, na hulipia kwa gome lake. Fundi wa miti ameshauri maduara yale yakaguliwe kila mwaka. Mpaka sasa hajaona uozo, lakini amesema ni mapema mno kutulia.

Geranium phaeum inafanya kazi yake, ila baada ya maua mabua yake huanguka ovyo na inabidi yakatwe hadi chini ndipo majani mapya yatoke. Ni kazi ya saa moja kwa mwaka. Mama anaifanya bila kulalamika, lakini katika orodha yangu mmea huu umeshuka nafasi moja kwa bustani zisizo na mtu wa kukata.

Geranium nodosum, kwa upande wake, niliichagua kama ya kujazia tu, na imenishangaza. Tunda la jeraniamu hukauka hadi lifyatuke kama kombeo na kurusha mbegu mbali na mama yake. Mbegu za nodosum zilirushwa hadi kwenye nyufa kati ya mizizi minene, mahali ambapo mwiko wetu haukuweza kuingia na ambapo nilikuwa nimekata tamaa. Ziara yangu ya mwisho nilihesabu miche saba kwenye ukingo wa duara la mti wa kwanza, ikiwa na majani mawili mawili, imekaa ndani ya ufa usiozidi upana wa kidole. Kando ya kila mmoja mama alikuwa amechomeka kijiti, ili asiikanyage anapokwenda kufagia.